Kuta za Nyumbani kwa Nyoosha

Fundi Nyoosha alikuwa na jibu kwa kila ukuta isipokuwa wa kwake. Ulipompeleka kwako, aligonga tofali kwa kidole, akasikiliza, kisha akakwambia bila kupepesa macho: hapa saruji, pale chokaa, kule usiguse mpaka paa lizibwe. Nyumbani kwake matofali yalikuwa matupu, bila lipu, tangu wahamie, na vumbi lake jekundu lilitua kwenye mashuka, kwenye vikombe, na kifuani mwa mkewe.

Mkewe alikuwa akikohoa. Daktari alisema dawa ni nusu tu, nusu nyingine ni kuta. Nyoosha aliogopa kweli, na kwa kuogopa akaanza majaribio. Akapiga kiraka cha saruji sebuleni, cha chokaa chumbani, cha jasi karibu na mlango. Saruji, alisema, itafungia unyevu ndani ya tofali. Jasi ni laini, lakini ikionja maji inavimba. Chokaa inapumua, ila inakauka kwa madaha. Kila jioni alivipapasa viraka vyake, akaguna, akaenda kunawa.

“Baba watoto, umeamua?”

“Bado naangalia.”

“Nitakufa wewe ukiwa unaangalia.”

“Usiseme hivyo, mke wangu. Lipu si kitu cha kukurupuka.”

Nyoosha alipopata kazi ya mbali, mkewe akamwita Chapchap, fundi ambaye mumewe hakuwahi kumtaja bila kusonya.

“Ipi inazuia vumbi?” alimuuliza.

“Ile iliyopigwa ukutani, mama,” Chapchap alijibu, akaanza kukoroga chokaa aliyoikuta uani.

Nyoosha aliporudi alikuta kuta nyeupe. Alichukua rula yake ndefu akaiegemeza ukutani: katikati palibonyea kiasi cha kidole kupita. Pembeni ndiyo usiseme. Akachukua nyundo na patasi, akatafuta mahali pa kuanzia kubomoa.

Nyuma yake, kwenye kochi, mkewe alikuwa amelala mchana kweupe, mdomo wazi, akikoroma. Nyoosha alisubiri akohoe. Alisubiri sana. Mwanamke alikoroma tu, kwa raha zake.

Akaiweka patasi chini polepole isije ikalia. Kisha akaketi sakafuni, akaegemea lipu ya Chapchap, machozi ya furaha na aibu yakimtoka. Hata kwa mgongo alijua ukuta umepinda.