Treni Iliyoganda Ukutani

Kazini walimwita Mama Vioo, maana katika chumba cha kuongozea treni hakuna skrini iliyowaka bila mkono wake kupita. Alikuwa fundi wa kompyuta, mfupi, mwepesi wa kucheka. Utani wake mkubwa ulikuwa na shemeji yake, mume wa dada yake, msimamizi wa mafundi wa reli. Kila siku huyo alimwamkia redioni, "Mke wangu mdogo, umepika nini leo?" na chumba kizima kikacheka.

Wiki hiyo alipewa kazi ya kuchagua kadi ya picha, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili irushe picha kwenye skrini. Ramani ya njia zote ilikuwa imebanwa kwenye vioo vidogo vya zamani, maandishi kama sisimizi. Meneja alitaka ukuta wa skrini sita kubwa, ramani itandazwe kama mkeka. Wauzaji wawili wakaleta kadi zao zijaribiwe. Ya kwanza ilikuwa na nguvu, moja tu ililisha skrini zote. Ya pili ilikuwa ndogo, ilibidi zifungwe mbili.

Akaanza na ile ya nguvu. Picha zilitoka kali, namba ya behewa ukaisoma ukiwa mlangoni.

"Kizuri chajiuza," meneja alisema. "Tumalize hapa."

"Ngoja kwanza ipate joto, bosi."

Vioo vya zamani viliachwa vikiwaka pembeni, na amri ilikuwa kwamba kila uamuzi utoke huko. Lakini macho hayana pazia. Kufika mchana mwongoza treni wa zamu, mtu makini kwa kawaida, alikuwa ameshaugeukia ukuta mpya.

Shemeji akaita redioni kuomba njia. Kikosi chake kilitaka kubadilisha reli iliyopasuka karibu na daraja. Mwongoza treni akatazama ukutani: treni ya mizigo ilikuwa imesimama mbali, nyuma ya kilima.

"Njia ni yenu," akajibu.

Mama Vioo alikuwa amepiga magoti akisikiliza feni ya kompyuta, iliyovuma kama nyuki waliochokozwa. Akainua kichwa. Saa ndogo kwenye pembe ya skrini yenye ile treni ilikuwa haitembei. Za jirani zilitembea. Picha ilikuwa imeganda. Akageukia vioo vya zamani, akaona treni imeshakivuka kilima, inashuka kuelekea darajani.

"Mwite dereva afunge breki," alimwambia mwongoza treni, kisha yeye mwenyewe akainyakua redio ya mafundi. "Shemeji, tokeni relini."

"Mke wangu mdogo, umeniota?" Nyuma yake vyuma vilikuwa vinashushwa, watu wakicheka.

"Tokeni. Treni inakuja."

"Na wewe ndiye dereva?"

Kando yake mwongoza treni aliita, akaita tena. Dereva hakujibu, kwenye mteremko ule mawasiliano hukatika.

"Baba Pacha," Mama Vioo akasema, jina ambalo hakuwahi kumwita, "unataka nikamwambie nini dada yangu?"

Kicheko kikakatika. Kisha redio yenyewe ikanyamaza.

Chumbani hakuna aliyekaa. Walitazama nukta ikisogea kwenye kioo cha zamani, ikaingia darajani, ikatokea ng'ambo. Ndipo redio ikakwaruza.

"Tupo wote," shemeji alisema, akihema. "Reli tulikuwa bado hatujaifungua. Toroli limesagika, lakini watu tupo."

Mwongoza treni akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje, uso mikononi. Mama Vioo akamfuata, akakaa naye.

"Nilipewa amri nitazame vya zamani," mwongoza treni alisema.

"Ulipewa. Lakini ukuta ule ungenidanganya hata mimi."

Kesho yake ukuta ulifunikwa watu wa zamu wasiuone, na Mama Vioo akaipasha joto kadi ya pili makusudi, moja peke yake ikibeba skrini zote, meneja akiangalia. Picha yake ilikuwa pungufu, ilibidi usogee usome. Ilipozidiwa, skrini moja ikawa nyeusi tii.

"Hii nayo imeshindwa."

"Imeshindwa ikasema, bosi. Ya jana ilishindwa ikanyamaza."

Meneja akakuna kidevu. "Na tukifunga mbili?"

"Kila moja itabeba skrini tatu, na nitaongeza feni. Kisha nitazipasha tena, nione."

Safari hii hazikuzima. Zilipofungwa rasmi, mwongoza treni alirudi zamu. Kikosi cha kwanza kilipoomba njia, aliutazama ukuta, akatazama vioo vya zamani pembeni, halafu akampigia dereva na kumuuliza yuko wapi. Hakutoa njia mpaka alipojibiwa.