Mama Alikataa Kuwaimbia Mapasa

Binti yangu alipojifungua watoto wawili kwa mpigo, jambo la kwanza nililofanya halikuwa kumshukuru Mungu. Nilifunga saluni mapema, nikapanda teksi hadi soko la Warwick, hapa Durban, kutafuta udongo mweupe. Kwetu Katanga mapacha tunawaita mapasa, na hawapokelewi kimyakimya. Wanapakwa udongo, wao na mama yao, kisha ukoo unawaimbia, na nyimbo zenyewe ni matusi matupu. Wazazi wanatukanwa kwa yale waliyoyafanya mpaka wakapata wawili badala ya mmoja, bibi anatukanwa kwa kuzaa binti wa namna hiyo, na anayekasirika anachekwa zaidi. Mapasa wasipoimbiwa, wazee wetu waliamini, hujiona hawakutarajiwa na wanaweza kurudi walikotoka.

Mama wa Kizulu anayeuza dawa za miti alinielewa kabla sijamaliza kuonyesha kwa vidole. Alinifungia mabonge mawili, akasema watoto wawili hawachangii bonge moja, nisibishe. Sikubisha.

Kazi ilikuwa kwa mama yangu. Ana miaka themanini na kitu, anaishi nami katika fleti yetu ya Greyville, na katika Durban nzima sijui mwingine anayezijua nyimbo hizo. Mimi sizijui. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akiimba chochote. Hata kanisani, wenzake wakipaza sauti, yeye hufumba mdomo na kushika rozari yake. Siku zote nilidhani hana sauti.

"Weye utabapakaa," alisema alipouona udongo. "Mi siimbe."

"Kambo, hata kidogo tu," binti yangu alimbembeleza, mtoto mmoja kwenye ziwa hili na mwingine kwenye lile. Kambo ndivyo tunavyomwita bibi.

Mama alitikisa kichwa, akageukia dirishani. Nami hasira zangu ziko karibu, kila mteja wangu anajua. Nilikumbuka vibao nilivyokula utotoni kila nilipotamka neno chafu, nikaona hapa kuna unafiki wa watu wa misa ya asubuhi.

"Bazungu ba misheni balishaka kuenda kwabo, mama," nilimwambia. "Bado uko unabaogopa?"

Siku tatu tuliishi kwa salamu tu. Binti yangu hakulalamika, lakini kila mtoto alipopiga chafya aliniangalia, nami nilikuwa nikiamka na kuwawekea mkono kifuani kuhakikisha wanapumua.

Jumamosi mchana, huko chini kwenye uwanja wa mbio farasi wakifanya mazoezi, mama na mimi tulikuwa tunakunja nepi. Akasema bila kuulizwa, "Njo miye niliimbaka ile wimbo mbele ya pere."

Nikaacha kukunja.

Mama alikuwa na miaka minane wakati huo. Mama yake alikuwa amezaa mapasa, na kwa kuwa misheni ilipiga marufuku nyimbo zao, aliwaimbia nyuma ya nyumba, huku akimfundisha binti yake kidogokidogo walipokuwa wakitwanga muhogo. Kisha siku moja katika katekisimu huyo pere, padri Mbelgiji, mtu mpole aliyependa watoto, aliuliza nani anajua wimbo wa nyumbani. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliimba vizuri, akapigiwa makofi, akafungiwa medali ya Bikira Maria kwenye nguo. Padri hakuelewa neno hata moja. Katekista alielewa yote, na alikuwa anaandika.

Jumapili iliyofuata mama yake aliitwa mbele ya watu wote. Polisi wa serikali alisimama mlangoni. Akaambiwa achague: avunje kwa mkono wake vyungu vya mapasa, vile alivyoviweka nyuma ya nyumba kwa tambiko lao, na abatizwe siku hiyohiyo, au mume wake apoteze kazi ya useremala misheni na watoto wafukuzwe shule. Alivivunja. Akapigishwa magoti kwenye changarawe mpaka misa ya mwisho, akaondoka na jina jipya ambalo hakuna aliyemuuliza kama analitaka.

"Kwenye nyumba aliona medali kwenye nguo yangu," mama alisema. "Hakunipiga. Afazali angenipiga."

Nilimwita mwoga mtu aliyebeba jambo hilo tangu ana miaka minane. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimshika mikono yote miwili, na nepi zake, nikamwomba radhi. Aliniambia nisilie juu ya nguo safi.

Kisha akaomba udongo. Aliuloweka kwenye sahani, akampaka binti yangu kuzunguka macho, akawapaka watoto kwenye paji la uso, akaniamuru nifunge mlango kwa sababu ya majirani. Akaanza kuimba.

Alikuwa na sauti. Nzito, iliyonyooka, isiyotetemeka hata kidogo. Ubeti wa kwanza ulimshukia binti yangu na tumbo lake. Wa pili ulikuwa wa mkwe wetu, ambaye kwa bahati yake alikuwa kazini. Wa tatu ulikuwa wangu, ulihusu makalio yangu, na nilitukanwa na mama yangu mzazi kwa Kiluba safi hadi nikashika mbavu kwa kicheko. Wa nne aliupandisha juu, akaumaliza, akavuta pumzi.

Kisha akanyamaza, mdomo wazi. Tulingoja. Nilidhani amechoka.

"Iko ingine," alisema. "Iko mingi. Mama alikuwa hajanifundisha bado. Kisha ile siku hakuimba tena."

Mtoto mmoja alijinyoosha, udongo ukapasuka kidogo kwenye paji lake.

"Basi rudia hizo, Kambo," binti yangu akasema.

Mama akaanza tena ule wa kwanza, na safari hii tukamwitikia.