Nilivyooka tart ya chocolate kumfuata mke wangu ukweni Ipogolo

Wakuu, wenye umri wa kuamkiwa shikamooni. Tuliobaki tuvumiliane.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, mwaka huu, na sijaongeza kitu. Mkiona ni chai, sawa, kila mtu aje na kikombe chake. Ila mimi nilikuwepo.

Mimi ni fundi breki za malori, gereji yangu iko Uyole, Mbeya. Mikono yangu inanuka grisi hata siku ya ibada. Mke wangu tumwite Skola, jina la mtaani, msianze kumtafuta. Kwao ni Iringa, Ipogolo. Ndoa ina miaka miwili, mtoto bado, na hapo pia naomba msianze.

Skola anapenda kuoka. Alianza na keki za kawaida, halafu akajifunza kwenye simu kitu kinaitwa chocolate tart.

Kwa wenzangu wa ugali na maharage: tart ni ganda la unga na siagi, kama biskuti lakini lina umbo la sahani. Ndani wanamimina chocolate iliyoyeyushwa na krimu, inaachwa igande. Unakata kipande chembamba tu. Ni nzito na tamu kiasi kwamba ukijikatia kama mkate unaweza ukaanza kuona marehemu wa ukoo.

Jumapili moja walikuja jamaa zangu watatu wa gereji. Tukala wali, tukashiba. Baadaye Skola akaja na tart, amevaa gauni lake la kuendea harusini. Tart yenyewe nyeusi, inang'aa, juu amenyunyiza chumvi ya chenga.

Chumvi, wakuu. Juu ya kitu kitamu.

Mimi nikaona hapa ndipo pa kujipatia sifa. Nikasema, "Mke wangu, hii umechota kwenye pipa la wakandarasi? Mbona ni lami kabisa?"

Jamaa wakacheka, mmoja akamwaga soda. Skola akatabasamu, akakata vipande, akagawa, akaingia ndani.

Kesho yake narudi kutoka kazini nakuta nyumba imefagiwa, ugali umefunikwa, mwenyewe hayupo. Meseji moja tu: "Nimefika kwa mama."

Nikajipa moyo kwamba ni siku mbili. Zikafika ishirini.

Simu alikuwa anapokea, lakini anajibu kama karani aliyebakiza dakika tano afunge dirisha. "Ndiyo." "Hapana." "Nimekusikia."

Kaka yangu wa Tukuyu akanishauri niende na wazee wawili na kreti za soda. Nikakataa. Nikienda na wazee inakuwa kesi, na kesi yenyewe nilikuwa najua nitashindwa. Nikaamua nitaoka ile ile tart kwa mikono yangu, nimpelekee.

Kichwani niliona ni kazi ya saa moja. Mtu anashusha gearbox ya lori akiwa amelala kwenye matope, atashindwaje na unga?

Haya.

Daftari la resipi la Skola lilikuwa juu ya kabati. Nikafungua ukurasa wa tart. Chini ya vipimo kulikuwa na maandishi madogo madogo. "Mara ya kwanza: ganda limesinyaa. Mara ya pili: limeungua chini. Mara ya tatu: chocolate imekatika. Mara ya nne: afadhali. Mara ya tano: SAFI. Jumapili wageni wakija."

Nikajiuliza zile nne za kwanza zilienda wapi.

Nikakumbuka. Nilizila mimi. Asubuhi, na chai, macho kwenye simu nasoma habari za usajili wa wachezaji, wala sikuuliza ninakula nini.

Nikakaa kwenye ndoo pale jikoni, wakuu, nikanakili vipimo vyote kwenye karatasi. 

Jumamosi mchana nikafunga gereji mapema, nikaenda mjini Mwanjelwa kutafuta vitu. Siagi halisi, siyo ile ya kopo ya kupaka mkate. Chocolate nyeusi nikazunguka duka la tatu ndipo nikaipata. Mwenye duka akaniuliza, "Bosi, shemeji mjamzito?" Nikamwambia ndiyo ili anipunguzie maneno.

Jaribio la kwanza: daftari linasema ganda liokwe kwanza likiwa tupu, juu yake uweke mchele mkavu ili lisivimbe. Nina mchele mzuri wa Ubaruku, nikamimina kilo nzima, nikaingiza kwenye oveni.

Mstari nilioruka ulisema: "tandika karatasi kwanza."

Mchele wote umeshikana na unga. Nimetoa kitu kama ukuta wa nyumba ya udongo baada ya mvua. Nilijaribu kuutoa kwa koleo la gereji, nikaachana nao.

Jaribio la pili nikatandika karatasi. Ganda likatoka gumu, nikilidondosha mezani linalia kama kigae. Nikasema isiwe tabu, chocolate italainisha. Nikaweka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, chocolate ikaanza kuyeyuka vizuri, nikaanza hadi kupiga mluzi. Ghafla ikabadilika. Ikawa chengachenga, kavu, kama udongo wa kichuguu.

Hapo ndipo jirani yangu Mama Shufaa akaingia bila hodi. Ni mama mtu mzima, anauza vitumbua asubuhi, wazazi wake walitokea pwani, Kilwa huko, na Kiswahili chake kinakufanya uone aibu ya chako.

"Baba, kuna nyumba inaungua au unapika?"

"Shikamoo mama. Napika."

"Marahaba. Afadhali ingekuwa inaungua, tungeita watu."

Akalishika lile ganda, akaligonga kwa kucha. "Umeukanda unga huu kama unakaza nati. Wa siagi haukandwi, mwanangu. Unaukusanya tu, kwa ncha za vidole, na mikono iwe ya baridi."

Mikono ya baridi Uyole mwezi wa saba ndiyo kitu pekee ninachopata bure.

Akachungulia bakuli. "Na hili ulilikausha?"

"Nililikung'uta."

"Kukung'uta siyo kukausha. Tone moja la maji linaua chocolate nzima." Kisha akanitazama usoni. "Mke wako amerudi?"

"Bado."

"Ndiyo maana unapika." Akaondoka. 

Jumapili asubuhi nikarudia. Unga nikaukusanya kwa adabu, nikauacha dirishani upoe. Nikatandika ndani ya bati, nikatoboatoboa kwa uma, karatasi, mchele, oveni. Bakuli nikalifuta kwa taulo jipya. Krimu nikaipasha mpaka ikaanza kutoa povu pembeni, nikaimwaga juu ya chocolate iliyokatwakatwa, nikasubiri, nikakoroga taratibu kutoka katikati.

Wakuu, kuna wakati ule uji mweupe na ule mweusi unagoma kuchanganyika, unaona umeharibu tena. Halafu unakoroga mara mbili zaidi, inakuwa kitu kimoja, inang'aa unajiona uso. Nilipiga kelele peke yangu jikoni.

Friji sina haja nayo. Niliimimina kwenye ganda, nikaiweka dirishani, baridi ya Uyole ikafanya kazi. Jioni nikanyunyiza chumvi. Mimi. Chumvi.

Jumatatu saa tatu asubuhi nikapanda basi la Iringa na boksi mapajani.

Sasa hapa ndipo elimu ya jiografia iliponipiga kofi. Uyole baridi. Makambako baridi. Mafinga baridi ya kukata masikio. Lakini katikati unashuka bonde la Usangu, Chimala hadi Igawa, na huko jua halina mzaha hata Julai. Nimekaa upande wa jua, dirisha limegoma kufunguka.

Pale Chimala akapanda mama mmoja wa Kisukuma, familia yake inafuga ng'ombe huko bondeni, akakaa pembeni yangu. Akanusa. "Baba, unabeba nini kinanukia hivyo?"

Nikafungua kidogo nimwonyeshe. Ilikuwa imeanza kulegea, inatikisika kama maziwa mgando.

"Inayeyuka hiyo," akasema. Akavua kanga ya begani, akaitandaza kwenye kioo kuzuia jua, akaishikilia kwa mkono mpaka aliposhuka. Sikumjua jina. Mungu ampe ng'ombe wengine.

Igawa hiyo, dereva akakutana na tuta ambalo hakulitarajia. Akakanyaga breki. Breki zenyewe, nilizisikia kwa sikio la kazi, pedi zimekwisha upande wa kushoto. Gari likavuta kushoto, boksi likavuta kushoto, chocolate yote ikahamia kushoto.

Kufika Makambako upepo wa baridi ukaingia, ikaganda palepale ilipo. Yaani upande mmoja kilima, upande mwingine ganda tupu.

Nilifika Ipogolo nikashuka barabarani na hicho kilima changu. Nilifikiria kukitupa mtaroni. Kweli kabisa. Miguu tu ndiyo iliyoendelea kutembea.

Ukweni nimekuta baba mkwe uani, kajifunika blanketi, anasikiliza redio. Mama mkwe na Skola wanamenya viazi. Skola aliniona, akarudisha macho kwenye kiazi.

"Kamwene," nikasalimia kwa Kihehe changu cha kuomba msamaha. Wakaitikia. Nikapewa kigoda, nikapewa chai. 

Baba mkwe akazima redio. "Sawa. Umekuja."

"Nimekuja baba. Nilimkosea mwenzangu. Nilimcheka mbele ya watu."

"Ulimcheka vipi?"

"Nilisema utani, baba."

"Utani gani? Useme na sisi tucheke."

Wakuu, sijawahi kubeba kitu kizito kama sentensi ile. Nikairudia yote, pipa, wakandarasi, lami. Nje ya sebule yangu, bila jamaa zangu, mbele ya mzee mwenye blanketi, haikuwa na kichekesho hata chembe. Mama mkwe aliacha kumenya. Baba mkwe alisubiri, kama vile labda sehemu ya kuchekesha bado inakuja.

Haikuja.

Skola ndiye aliyeongea. "Mwambie na ya pili."

Hapa niwaombe radhi. Kule juu niliwaandikia utani mmoja. Ilikuwa miwili. Baada ya jamaa kucheka nilimtazama Skola, nikaona kabisa uso wake umeshuka, kabla hajajilazimisha kutabasamu. Nikaona. Halafu nikaongeza, "Angalieni, hata nzi wameipita."

Nikaisema hiyo pia. Kwa sauti ndogo.

"Sikuondoka kwa sababu ya ile ya kwanza," Skola akasema. "Ya kwanza mtu anaweza kuteleza. Ulinitazama, ukaniona, ndiyo ukasema ya pili."

 Nikasema, "Ni kweli. Nisamehe." Nikafungua boksi kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Mama mkwe akainama kutazama. "Hii imegongwa?"

"Ni safari, mama."

Skola akaifuta mikono kwenye kitenge. Akaizungusha ile tart huku na huku. Akachukua kisu kilekile cha viazi, akakifuta, akakata upande wa kilima. Akala taratibu. Mimi nimekaa kwenye kigoda, jasho linatiririka Iringa, Julai.

"Ganda uliliacha lipumzike kabla ya kuoka?"

"Dirishani, saa nzima."

"Halikusinyaa."

"La tatu hilo. Mawili niliyaua."

"La kwanza liliuawa na nini?"

"Mchele. Sikuweka karatasi."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika. Hakutaka nimwone anacheka, nami nikaangalia kuku wa pale uani.

Msidhani aliinuka akafunga begi. Aliniambia, "Wewe rudi kazini. Mimi nitarudi nikijisikia." Nikalala siku mbili, nikawasaidia kuvuna viazi, nikarudi Uyole peke yangu. Baba mkwe wakati wa kuniaga hakusema lolote kuhusu kesi, ila boksi usiku nililiacha na vipande vitano na asubuhi lilikuwa tupu, na mama mkwe anaapa hakugusa.

Skola alirudi siku ya tisa. Hakupiga simu. Nilimkuta tu jikoni anaikagua oveni yangu, yaani yake, na kuniuliza ni nani aliyekwangua bati kwa koleo.

Nilichojifunza siyo kikubwa. Ukiwa unachekesha watu, mtazame mtu wako. Ukiona hacheki, ishia hapo hapo. Hata kama ile inayofuata ni nzuri kiasi gani, imeze.

Na bakuli likaushwe kwa taulo.

Skola ameusoma huu uzi kabla sijaupandisha. Amefuta aya moja niliyokuwa najisifia, na amesema niwaambie krimu niliipasha kupita kiasi, ilionekana kwenye mafuta yaliyotanda juu. Nimewaambia.

Mliowahi kumfuata mtu ukweni, mlibeba nini mkononi na mliulizwa nini mlipofika? Tiririkeni hapa chini. Wa kunitukana pia nafasi ipo, ila anzeni na ile ya pili. Ya kwanza nimeshasamehewa.