Nguo ya Mukula

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: siku niliyotaka kuitoa nguo motoni kabla haijaiva. Nilikuwa binti, nikikaa hapa Kalemie, kando ya ziwa, kwa shangazi yangu, Mama Kasongo. Alikuwa akitia vitambaa rangi kwa maganda ya mukula, ule mti unaotoa maji mekundu ukiukata. Nguo yenyewe ilikuwa shuka ya Kasongo, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akijiandaa kwenda Moba kwa boti.

Moshi ulinichoma macho. Nikamwambia shangazi rangi imeshika, tuianike. Akaikamua pembe moja, akaitazama, akairudisha ndani ya sufuria.

"Ingali juu ya nguo tu, haijaingia," akasema. "Rangi ya haraka inakimbia na maji. Ikaa, uchochee moto."

Nilinuna, lakini nikakaa. Shuka ikachemka, ikalala ndani ya maji yake, ikaoshwa kwa maji ya majivu, ikaanikwa kivulini, ikarudi tena motoni. Kasongo aliondoka nayo mabegani.

Wahenga walisema kawia ufike. Boti lile halikutaka kukawia. Lilijazwa watu na magunia, likatoka upepo ukiwa mbaya, na ziwa likalimeza.

Miili ilipoanza kurudi ufukoni, maji na samaki walikuwa wamekwisha kuziharibu nyuso. Wanaume wakaifunika kwa maturubai, hawakutaka akina mama waone. Shangazi hakubishana nao. Aliomba aonyeshwe mapindo ya nguo tu. Nikamshika mkono, tukapita mwili kwa mwili. Wengi walivaa nguo za dukani zinazofanana, usijue ni ya nani. Mbele ya mmoja akainama, akapapasa pindo jekundu ambalo maji hayakulichuja.

"Ni yeye. Njo huyu mutoto wangu," akasema. "Munipatie."

Tukamzika. Jirani yetu Mama Bea, ambaye mume wake alipanda boti lilelile, hakupata wa kuzika. Miaka na miaka alishuka bandarini kuwauliza wasafiri, hadi akili ikamchoka. Shangazi alimwambia aje alie kwenye kaburi la Kasongo, udongo ni mmoja. Mara alikuja, mara alikataa, maana kulia pale ni kukubali.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Shangazi alivumilia akala machungu. Kazi yake njema haikumrudishia mtoto, ilimpa kaburi tu. Nami niliona jinsi asiye na kaburi anavyoishi. Leo unga wa rangi uko sokoni, unachovya nguo asubuhi, jioni unaivaa. Siwalaumu wanaoununua.

Lakini kazi unayomfanyia mtu wako, mwanangu, ifanye mpaka iingie, hata macho yakiwasha. Hujui siku ambayo kazi hiyo peke yake itabaki kumsemea. Na jirani anayeulizia mtu wake kila siku, usimchoke. Mjibu kila siku.

Mungu akutangulie majini na nchi kavu, na wale unaowasindikiza warudi kwako kwa miguu yao.