Nimemupa Papa Divine mukono wa kushoto

Leo nimemusalimia muzee na mukono wa kushoto, mbele ya majirani wote. Na siombi samahani.

Ngojeni kwanza, musinitukane.

Ni Jumamosi, kazi ya pamoja hapa Ngagara, mutaa wetu. Tunazibua mufereji. Mi nimetoka Kinshasa juzi, niko likizo. Kule nasomea violoni, muziki klasiki, mwaka wa pili.

Papa Divine, jirani yetu, njo anasimamiaka. Jembe haigusi, anaonyesha tu na kidole.

Akanisalimia, akashika mukono wangu wa kuume, akakataa kuuachilia. Akaugeuza kama mutu anachagua nyanya.

"Muangalie! Laini kama mukate. Mama anateseka, mutoto anacheza muziki. Hiyo ni masomo?"

Watu wakacheka. Mama yangu akainamia jembe yake.

Angenicheka mi peke yangu, sawa. Lakini mama? Apana.

Nikanyoosha wa kushoto. "Papa, nisalimie na huu."

Bamama wakashika mudomo. Mama akaniita majina yangu yote, mpaka ile ya ubatizo.

"Si matusi, Papa. Gusa ncha ya vidole."

Akagusa. Akagusa tena. Ngozi ngumu kama kisigino. Ni nyuzi za violoni, masaa tano kila siku, mwaka wa pili sasa.

Hakuna aliyecheka.

Njo mama akainuka, polepole, akapangusa matope.

"Papa Divine, sasa leta yako, tuone."

Akaingiza mikono yote mufukoni.

Na we unayeniulizaka muziki ni masomo gani: leta mikono kwanza.