Nilivyomsingizia Mama Zainabu na Birika Lake

Wacha niwaambie hii mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa Rongai, kwa sababu wao wakiisimulia huwa wanaongeza chumvi, na haki ya nani hii haihitaji chumvi. Mimi Wafula, fundi wa kompyuta mwenye cheti, nilimfanya mama wa watu apoteze kazi kwa kosa langu mimi mwenyewe. Nikikumbuka, masikio bado yanapata moto.

Iko hivi. Kampuni yetu inanunua ngano na mahindi. Ofisi kubwa iko Nakuru, depo iko Rongai, na hizo mbili zinaunganishwa na VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti ya kawaida, hivyo mzani wa Rongai ukipima lori, kilo zinaingia kwenye kompyuta ya Nakuru na risiti inatoka. VPN ikikatika hakuna risiti, bila risiti dereva haondoki, na asipoondoka wale wa nyuma wanapiga honi mpaka unasahau jina lako. Sasa ikaanza kukatika. Si kila siku (ingekuwa kila siku ningeshukuru, kitu kikiharibika kabisa unakitengeneza), ilikuwa inakatika leo, kesho iko sawa, kesho kutwa imekatika tena. Madam Chebet, meneja wa depo, ananipigia simu, natoka Nakuru mbio, nikifika naikuta inafanya kazi vizuri, hata haina haya. Nikabadilisha nyaya. Nikawagombeza watu wa intaneti (hawakuwa na kosa, lakini ukiwa fundi lazima kuna mtu utamgombeza). Wapi!

Basi Jumatano moja nikaamua leo naamkia huko huko. Saa mbili asubuhi tayari nimekaa mbele ya rauta, ile mashine ya intaneti, naikodolea macho kama paka anayengoja panya. Ikafika saa nne, saa ya chai, Mama Zainabu akaingia na birika lake la stima.

Huyu mama ndiye alikuwa anatupikia chai. Babu zake walikuja kutoka Pwani zamani, yeye amezaliwa hapa hapa Rongai, lakini Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sisi sote, na chai yake ina tangawizi na iliki mpaka madereva walikuwa wanafanya kusudi kuchelewa. Alikuwa kibarua wa siku tatu tu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za malori mengi, na hizo siku tatu ndizo zilikuwa zinamweka binti yake chuoni Njoro.

Akachomeka birika. Na mimi nikiwa naangalia, taa za rauta zikazima zote.

Nikaruka. "Ndiyo hii! Nimeishika!"

"Umeshika nini, mwanangu?"

"Birika lako, mama! Linavuta stima yote, rauta inazima!"

"Birika hili nina miaka mitatu nalo hapa hapa."

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

(Hiyo sentensi ya mwisho, ningeweza kuirudisha mdomoni niitafune, ningeitafuna.)

Na kwa kweli hesabu zilikuwa zinakubali. VPN inakatika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mama anakuja Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Ushahidi gani tena unataka? Ningekuwa na akili ningekunywa chai yangu polepole, nifungue mipangilio ya rauta, niangalie ndani dakika tano tu. Lakini watu walikuwa wamejaa pale na vikombe mkononi, wakanipigia makofi, na makofi ni matamu jamani. Nikapiga birika picha, nikalizungushia duara jekundu, nikatuma kwenye grupu ya WhatsApp ya kazi: "Chanzo cha tatizo kimepatikana." Halafu nikaandika ripoti kwamba vyombo vya kuchemshia maji vipigwe marufuku. Madam Chebet si mtu mbaya, lakini ripoti ya Nakuru ni ripoti. Bila birika hakuna chai, na bila chai kibarua wa chai ni wa nini? Akamwambia mama apumzike kwanza nyumbani. Mama Zainabu akafunga birika lake kwa leso, akatoka.

Ijumaa mkubwa wetu wa Nakuru akaja kuona kazi nzuri iliyofanyika, nami nimevaa shati lililopigwa pasi. Saa nne kamili, soketi iko tupu, hakuna birika, hakuna chai, taa za rauta zikazima.

Honi ya kwanza ikalia huko nje.

"Labda ni roho ya birika," akasema Kiprono, yule wa mzani, na watu wakacheka chini kwa chini.

Mkubwa hakucheka. "Ikirudi, fungua mipangilio ya hiyo rauta kwenye televisheni ya ukutani, tuone wote."

Nikafungua. Kiprono (huyu jamaa hajui kusoma kimoyomoyo) akaanza kutusomea kwa sauti, akitafsiri: "Kujizima na kujiwasha. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. 10:00. Imewekwa na... Wafula."

Hapo ndipo nikakumbuka. Wiki tatu nyuma rauta ilikuwa inajikokota, nikaamua kuipangia iwe inajizima na kujiwasha mara tatu kwa wiki, alfajiri, watu wakiwa wamelala. Huyu huyu mkubwa alikuwa kwenye simu ananiuliza itakuwa saa ngapi, mimi namjibu "saa kumi, mkubwa, saa kumi alfajiri," na vidole vikasikia kumi vikaandika kumi. 10:00. Ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anajua ni saa nne asubuhi, na saa kumi alfajiri ni 04:00.

"Nyani haoni kundule," Kiprono akasema, na depo nzima ikaangua kicheko.

Mkubwa akaniuliza swali moja tu. "Na yule mama yuko wapi?"

Nilirekebisha kwa nusu dakika, nikanunua sukari kilo mbili, nikaenda kwake. Nilimkuta mlangoni pa jiko lake anachambua maharagwe. Nikapiga hodi, akanikaribisha kiti, nikaeleza yote mpaka mwisho, nikaomba msamaha, akanisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ulinisingizia wapi, mwanangu?"

"Pale depo, mama."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Sasa mbona msamaha umeuleta jikoni kwangu?" Akachukua sukari akaiweka kando. "Hii napokea, wewe ni mgeni. Msamaha niombe pale pale ulipolichafua jina langu."

Madam Chebet akamwita arudi kazini, na Jumatatu akaja, birika kwenye leso. Saa nne wote wakakusanyika, na madereva pia, na mimi nikasimama katikati nikasema Mama Zainabu hakuwa na kosa, mwenye kosa ni mimi, niliandika saa vibaya halafu nikamtupia yeye lawama. Dereva mmoja aliyechelewa akauliza kesi ni ya nini, ikabidi nianze upya, kwa sauti. Kisha nikatuma kwenye grupu picha ya ile 10:00, na duara jekundu kwenye jina langu.

"Nimekusamehe," akasema, akachomeka birika. Watu wote, na mimi nikiwemo, tukageuka kuangalia rauta. Taa hazikucheza hata kidogo. Mama akatuangalia mmoja mmoja mpaka tukaona haya, ndipo akaanza kumimina.

Siku hiyo niliapa: kitu kikiharibika, kabla sijafungua mdomo nafungua mipangilio nitafute jina langu kwanza. Nikilikosa, ndipo nauliza wengine. Mara nyingi silikosi.