Voisi ya Baba Mdogo Lambert

Baba mdogo Lambert akikutumia voisi ya WhatsApp, jipange. Dakika saba, nane. Anaanza na upepo, anaingia mawimbi, anakueleza baridi ya huko Norwe mpaka wewe hapa Bertrams, Joburg, unatafuta jaketi. Mimi nilikuwa sizisikilizi. Namjibu tu "sharp, baba," basi.

Na huyu ndiye aliyetulea. Baba yetu alipokufa Bukavu, mimi nilikuwa na miaka sita, dada yangu Orpha mitatu. Lambert akatubeba mpaka Joburg, akakaa Yeoville na cherehani moja, anashona sare za watoto wa watu ili na sisi tupate zetu. Mimi shule ilinishinda kwa sababu ya ngumi. Walipotaka kunifukuza, alimpigia magoti mwalimu mkuu. Mtu mzima. Mimi nikaona aibu yake, yangu sikuiona.

Macho yalipochoka, uzi hauingii tena kwenye sindano, akapata kazi kwenye meli ya watalii inayozunguka bahari ya kaskazini. Mtaani aliaga kwamba anaenda kushona sare za kapteni. Mimi peke yangu aliniambia kweli: "Emery, nitafua mashuka. Chini kabisa, hakuna dirisha. Usimwambie mtu, hata Orpha."

Sasa Orpha akapata mchumba, Joël. Jumamosi wazee wa Joël wakaja kwetu kupiga hodi, na kreti la soda. Kwetu kreti hilo haliguswi mpaka baba wa msichana aseme karibuni, ndipo chupa ya kwanza inafunguliwa. Baba ni Lambert. Mpango ulikuwa saa sita meli iingie bandarini, akimbilie kituo cha mabaharia kwenye intaneti ya bure, apige, aseme neno lake.

Saa sita, kimya. Saa saba, hapatikani. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo tuliyowapikia, imepoa. Papa Byamungu, msemaji wao, anaangalia kreti, anaangalia saa.

"Jamani," akasema anatabasamu, "huyo baba yupo kweli, au tumekuja kuposa kwa simu?"

Watu wakacheka. Orpha akainamisha kichwa. Damu ikanipanda. Yule mzee ni mgeni, nisingeweza kumgusa. Nikamrukia asiyekuwepo.

"Ametukimbia huyo! Fundi gani wa kapteni? Anafua mashuka! Mashuka ya wazungu yenye mikojo, na simu ya dakika moja imemshinda!"

Shangazi Jeannine, dada yake Lambert, akaweka sahani chini.

"Emery. Mara ya mwisho alikutafuta lini?"

"Alhamisi. Alituma voisi."

"Anasemaje?"

Eish. Nikatoa simu. Voisi iko palepale, haijaguswa. Shangazi akaninyang'anya, akaiweka kwenye spika.

"Emery mwanangu," sauti ikatoka, nyuma yake upepo unanguruma kama lori. "Leo tuko bandarini, lakini kapteni ametangaza dhoruba. Bandari ya kesho hatuingii, ya Jumamosi hatuingii. Tunabaki baharini mpaka Jumatatu, na huko simu yangu haishiki. Basi sikiliza vizuri. Jumamosi wewe ndiye baba. Waambie wazee nimekuachia kiti changu. Hasira zako nazijua, lakini wewe ndiye mtoto wangu, nitamtuma nani mwingine? Ukifungua ile chupa, mkono ni wangu."

Ikaendelea dakika nne nyingine. Nimsalimie nani kwanza. Nivae lile koti lake la kahawia, alilonipunguzia mikono kabla hajaondoka. Mimi nilikuwa na tisheti.

Papa Byamungu akavua kofia. "Mimi nilitania vibaya, mtusamehe. Haya, baba, tunakusikiliza."

Aliniita baba, na hakuwa anacheka. Nikasimama.

"Mashuka yale ndiyo yamemsomesha huyu dada yangu," nikasema. "Nimemkosea baba yetu mbele yenu. Karibuni."

Kifuniko kilinishinda mara mbili. Orpha aliipokea chupa kwa mikono miwili, lakini usoni hakuniangalia.

Jumatatu Lambert akapiga, anahema. "Ilikuwaje?"

"Wamepokelewa, baba. Chupa imefunguliwa."

"Mungu mkubwa! Na kazi yangu, waliuliza?"

Ningeweza kudanganya. Nilishafungua mdomo.

"Niliwaambia mimi. Mashuka. Kwa hasira, mbele ya wote. Voisi yako nilikuwa sijaisikiliza."

"Orpha naye alisikia?"

"Alisikia."

"Sawa. Ilimradi chupa imefunguliwa."

Siku hizi voisi zake ni sekunde tisa. "Niko mzima, salimia wote." Hakuna upepo, hakuna mawimbi. Nazisikiliza zote, na nikimaliza narudia.